Jioni Daudi Alipopanda Darini

Tumefungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11. Yalikuwa majira ya vita. Yoabu na jeshi walikuwa Raba, lakini mfalme alibaki Yerusalemu. Jioni akaondoka kitandani, akapanda darini kutembea tu. Mara nyingi twahubiri juu ya mwanamke aliyekuwa akioga. Leo tukae kidogo na ile saa kabla Daudi hajamwona. Hatusomi kwamba alipanda kutafuta dhambi. Jioni ilikuwa ndefu, naye hakuwa mahali alipotakiwa kuwa.

Huku Kibirichia, ng'ombe wakishakamuliwa, baridi ya Mlima Kenya hushuka na watu huingia ndani. Siku hizi kila mmoja ana dari lake mfukoni, na dari hilo halina ukingo. Zamani kurasa za intaneti zilikuwa na mwisho: ukifika chini, wabonyeza ili uendelee, na hapo waweza kujiuliza kama yatosha. Mwaka 2006 fundi mmoja Mmarekani, Aza Raskin, alibuni njia ya kukiondoa kituo hicho, ukurasa ukawa wateremka tu. Baadaye alieleza hadharani kwamba anajuta. Mwaka 2012 ikatokea Tinder, na nyuso za watu nazo zikawa za kupitishwa kwa kidole: huyu namtaka, huyu apite. Wala si lazima uwe na Tinder. Hata kwa WhatsApp mtu aweza kuwachambua wanadamu kama viazi gulioni.

Kijana mmoja wa hapa ameturuhusu tusimulie habari yake bila jina. Tangu baba yake azikwe, hakulala usiku hata mmoja bila simu kifuani. Alikuwa na msichana Timau na mwingine Isiolo, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Tulipomwuliza ni yupi ampendaye, alinyamaza, kisha akasema, "Hakuna. Naogopa giza likiingia."

Hapo ndipo penye shida, ndugu zetu. Wako wanaosema simu itupwe. Hatukubaliani nao, mnunuzi wa viazi hupiga simu, na karo hulipwa kwa M-Pesa. Tena mkulima wa Kibirichia ajua kwamba kung'oa majani si kuvuna. Kiazi kidogo kilichosahauliwa udongoni huchipuka msimu ujao katikati ya mazao mengine, na pengine hubeba ugonjwa wa mwaka jana. Kijana huyu aliwahi kufuta kila kitu katika simu yake mara mbili, na mara mbili akarudi, kwa maana kilio cha baba yake kilikuwa bado udongoni. Bwana Yesu alifundisha juu ya nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, na jinsi yule aliyetoka alivyorudi na wenzake saba.

Basi alianza kwa neno gumu kuliko yote: aliwaambia wasichana wale kweli. Mmoja alimtukana, na tunaona alikuwa na haki. Kisha akakubaliana na mama yake kwamba ikifika saa tatu za usiku simu ilale jikoni. (Mama naye ana kikundi chake cha akina mama wa kanisa katika simu, imembidi azime pia.) Majuma ya kwanza kijana hakupata usingizi. Usiku mmoja alitoka chumbani akamkuta mama angali motoni. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi walimtaja baba kwa jina, wakalia wote wawili mpaka moto ukazimika.

Tuombe. Ee Bwana, usiku huu wako walio macho, nao hawataki kuwa peke yao na yaliyo moyoni. Keti karibu nao. Uwape mtu wa nyumbani wa kusema naye. Amina.