Gari Lenye Macho Katika Foleni ya Malaba



Foleni ya malori hapa mpakani mnaifahamu kuliko sisi. Dereva husogea mita kumi, husimama, husogea tena, mguu hautoki kwenye breki. Kufikia jioni akili imechoka kuliko mwili, na ugomvi mwingi unaoletwa kituoni kwetu huzaliwa na uchovu huo.

Sasa yamekuja malori yenye rada mbele na kamera nyuma ya kioo. Barani Ulaya, tangu Novemba 2015, malori mazito mapya kwa jumla hutakiwa kuwa na breki za dharura zinazojishika zenyewe. Baadhi yana pia mfumo wa kulifuata gari la mbele: likienda nalo huenda, likisimama nalo husimama. Faida yake si ndogo. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio la magari 22 yaliyozungushwa katika duara la mita 230. Foleni ilizuka bila ajali wala kizuizi chochote. Ilitosha madereva kupishana kidogo katika mwendo. Chombo kisicho na hasira hupunguza mishtuko hiyo, na dereva hupumua.

Lakini hatukuja kuuza magari. Usiku mmoja tulishuhudia lori likisogea lenyewe, la mbele lilipoondoka, huku mama mwenye beseni la ndizi akikatiza katikati. Dereva alikuwa akitazama simu. Mama aliruka, beseni likabaki chini ya gurudumu. "Afande, nilidhani gari limemwona," akatuambia. Ndizi alizilipa papo hapo, hilo tumpe.

Rada hulitambua tela vyema zaidi kuliko mtu anayepenya karibu kabisa na bampa. Kamera nayo hupofushwa na tope, na kioo kikibadilishwa bila fundi kuipima upya, huenda ikatazama kusiko. Wenye magari madogo kutoka Japani, ambayo maonyo yake yameandikwa Kijapani, mwombeni fundi awafafanulie kila taa kabla ya kuitegemea.

Kwa hiyo tunawaomba madereva: mkifika penye soko, zimeni mfumo wa kufuata, na macho yawe barabarani. Nanyi mama zetu, msikatize kabla dereva hajawatazama usoni. Akiwa ameinamia simu, subirini, hata kama lori limesimama.