Majumba ya Pienza na Hesabu ya Wajenzi

Hotuba kwa Waamini na Walimu katika Sikukuu ya Jubilei ya Jimbo





Siku hizi za Jubilei kila mtu hutazama nyuma na kuhesabu vilivyojengwa: makanisa, shule, nyumba za wagonjwa. Ni haki kufurahi. Walakini sisi tuliopewa kazi ya kusema nanyi leo twataka kuwapeleka kwanza mbali, mpaka mji mdogo juu ya kilima katika nchi ya Italia, ambao mwaka ule ule majengo yake yalipokaribia kwisha ulifanywa makao ya Askofu. Jina lake ni Pienza. Tukiisha kuyatazama majumba yake tutarudi kwetu, tukiwa na swali moja la kujiuliza.

Mji huo uko upande wa kusini wa Siena, juu ya kilima chenye kimo cha karibu meta 490. Chini yake liko bonde la mto Orcia, na ng'ambo ya bonde waonekana mlima Amiata. Zamani uliitwa Corsignano, nao ulikuwa kijiji tu. Humo alizaliwa Enea Silvio Piccolomini mwaka 1405. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wa Siena, watu wa nasaba na mali. Lakini watu wa Siena walikuwa wamewaondoa makabaila katika utawala, na baba yake Enea alikaa Corsignano, akiishi kwa mapato ya shamba. Mtoto akakua akisaidia kazi za shamba; kisha akaenda kusoma, akawa mwandishi wa maaskofu na wafalme, akawa askofu mwenyewe, hata mwaka 1458 akachaguliwa kuwa Papa, akaitwa Pio II.

Mwaka 1459, alipokuwa safarini kutoka Roma kwenda Mantova, alipita kwao. Alitumaini kuwaona wenzi wa utoto wake. Akakuta wengi wamekwisha kufa, na waliobaki wamelemewa na uzee na maradhi, hawatoki nyumbani. Habari hizo aliziandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Basi akaazimu kujenga pale kanisa na jumba, ili pawe na ukumbusho wa kuzaliwa kwake utakaodumu miaka mingi.

Kazi akampa fundi mkuu, Bernardo Rossellino wa Firenze. Nyumba za zamani katikati ya mji zikanunuliwa, zikabomolewa. Mahali pake likasimama jumba la ukoo wa Piccolomini, lenye orofa tatu, la mawe yaliyochongwa, na katikati yake ua wa mraba uliozungukwa na nguzo. Upande wa kusini fundi akajenga baraza tatu, moja juu ya nyingine, na mbele yake bustani iliyoinuliwa juu ya matao, na chini ya matao zizi la farasi. Mtu akisimama barazani huona bonde lote mpaka mlimani. Mbele ya jumba kuna kisima, na juu yake imechongwa nembo ya ukoo, yaani msalaba wenye miezi mitano michanga.

Kando ya jumba lilijengwa kanisa kubwa la Bikira Maria Mpalizwa. Papa alikuwa ameona katika nchi za Wajerumani makanisa ambayo safu zake tatu zina kimo kimoja, nuru ikaingia pande zote; akataka lake liwe vile vile. Likabarikiwa tarehe 29 Agosti 1462. Mwaka huo huo mji ukapewa jina la Pienza, yaani mji wa Pio, ukafanywa jimbo.

Tena Papa akawahimiza Makardinali wake wajenge na wao. Rodrigo Borgia, ambaye baadaye mwaka 1492 alikuwa Papa Aleksanda VI, akajenga jumba upande wa pili wa kanisa, likawa nyumba ya Askofu. Kardinali Ammannati akajenga lake, na Kardinali Jouffroy, Mfaransa, akajenga lake katika njia kuu. Wala maskini hawakusahauliwa kabisa: karibu na ukuta wa mji zilijengwa nyumba 12 ndogo zilizoungana, za watu wa hali ya chini. Nazo zimesimama hata leo.

Ndugu zetu, mpaka hapa ni habari ya fahari. Sasa sikilizeni habari ya fedha.

Rossellino alikuwa ametaja gharama ndogo. Kazi ilipokwisha, ilikuwa imekula zaidi ya dukati 50,000 za dhahabu, kupita sana hesabu ya kwanza. Washitaki wake wakampelekea Papa maneno mengi. Papa akaja, akakagua kila chumba, kisha akamwita fundi. Fundi akaja akiogopa. Lakini Papa akamwambia kwamba alifanya vema kuificha kweli, maana kama angaliisema, majengo yale mazuri yasingalikuwapo. Akaamuru alipwe kila alichodai, na juu yake akamzawadia dukati 100 na joho jekundu.

Mtu akisikia kisa hiki hucheka. Na sisi tulicheka tulipokisoma kwanza. Walakini Papa mwenyewe aliandika na jambo la pili: katika kanisa lile jipya ulionekana ufa. Kanisa lilikuwa limesogezwa mpaka ukingoni mwa kilima, ili madirisha ya upande wa altare yapate jua la kusini. Na ardhi ya mtelemko ule haikuwa imara. Mafundi walichimba msingi kwenda chini sana, ila hawakupata mahali pa kutulia kabisa. Tangu zamani zile upande wa altare umekuwa ukizama kidogo kidogo, na kizazi baada ya kizazi wameutengeneza. Hata leo mtu aingiaye humo huona sakafu imeinama kuelekea altare. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ulio katika msingi hauzibwi kwa chokaa.

Mwaka 1464 Papa Pio alifariki Ancona, na mwaka ule ule Rossellino akafariki. Kazi ikakoma. Makardinali hawakuwa tena na sababu ya kufuatana na Papa mpaka kilimani pale. Majumba yakabaki katika mji mdogo. Wazao wa Piccolomini waliendelea kukaa katika jumba lao hata mwaka 1962, na sasa wageni huingia kulitazama. Mwaka 1996 mji wa Pienza uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Basi hatusemi kwamba kazi ile ilikuwa bure. Ni nzuri mno, na uzuri nao ni sifa ya Mungu. Twasema hivi tu: ukarimu wa Papa ulilipa deni la fundi, ila haukuweza kuutuliza udongo.

Nasi tuna la kuungama. Miaka iliyopita sisi tunaosema nanyi tulikuwa wazee wa kamati katika kigango kimoja. Tuliazimu kujenga nyumba ya mwalimu. Tuliwatajia waamini kiasi kidogo cha fedha, tukijua hakitatosha, kwa kuwa tuliogopa wangekataa. Kuta zilipofika madirishani, fedha ikaisha. Tulipoomba mara ya pili, mama mmoja mzee, aliyekuwa amekwisha kutoa kuku wake, akatuuliza kwa upole, "Wanangu, mlijua?" Hatukuwa na jibu. Kwetu hapakuwa na Papa wa kutulipia. Mvua za misimu miwili zikanyesha juu ya kuta zisizo na paa, matofali mabichi yakayeyuka, na mwalimu akaomba kuhamishwa. Kuta zilijengwa upya baadaye. Lakini ilitupasa kungoja miaka mingi zaidi kabla watu hawajatuamini tena.

Bwana wetu alinena habari za mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Hakusema ahesabu kwa siri. Katika mwaka huu wa Jubilei kila parokia yataka kujenga kitu cha ukumbusho. Na vijengwe. Lakini kabla ya jiwe la kwanza, ardhi na ichimbwe ipimwe, hata kama mahali pazuri pa kuonekana ni pengine. Hesabu nzima na isomwe kanisani kwa sauti, hata kama watu wataguna. Na penye nyumba kubwa pakumbukwe nyumba 12 ndogo. Nanyi walimu, waelezeni watoto habari ya Pienza; waacheni wacheke kwa ajili ya joho jekundu, kisha waulizeni swali la yule mama.

Swali hilo ndilo tulilowaahidi. Siku moja wajukuu wetu watasimama mbele ya majengo yetu, wakiona nyufa zake. Watakapouliza, "Wazee wetu, mlijua?", Mungu atujalie tuwe tumewaachia jibu la kweli.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele. Amina.