Gunia Moja, Mboga Mlangoni

Msikilizaji, kukosa shamba si kukosa mboga. Kibera, jijini Nairobi, bustani za magunia zilienea kuanzia mwaka 2008, chakula kilipoadimika baada ya machafuko ya uchaguzi. Gunia la udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kokoto katikati za kupitishia maji, miche ya sukuma wiki ubavuni: familia ina mboga mlangoni. Vidukari wakivamia, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, kisha nyunyizia jioni. Maganda ya ndizi yasiende jalalani, yageuze mboji. Sumu tusiyoimwaga kwenye udongo haitatufuata sahanini. Haba na haba hujaza kibaba. Anza na gunia moja, leo hii.