MIGUU YETU NA KAZI YETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Changamwe)



Nimeombwa niseme juu ya mganga wa miguu. Najua wengine watacheka, kwani kwetu mguu hauendewi hospitali mpaka umevimba. Lakini tazameni: mtu wa Likoni huvuka feri, akashika njia ya Kilindini, akasimama zamu nzima juu ya saruji au chuma cha moto, kisha akarudi vile vile. Mguu mmoja una mifupa 26, na yote inabeba.

Mganga huyu kazi yake ni kifundo na kushuka chini. Huondoa sugu na kucha zinazoingia nyamani, hutazama jinsi mtu akanyagavyo, huonyesha kiatu kinachofaa. Hospitali nyingi hazina mtu wa namna hiyo. Utaonwa na daktari wa mifupa au kliniki ya kisukari, na si vibaya, bora uende.

Hicho kisukari ndicho nataka mkisikie zaidi. Huua fahamu za miguu polepole. Mtu hukanyaga msumari ukatoboa soli, akafanya kazi mpaka jioni asijue, akivua soksi aona damu. Kidonda hakiumi, kwa hiyo hakitunzwi, kinaoza, na mwisho mguu hukatwa. Mganga hupima kwa uzi mgumu wa nailoni unaopinda kwa nguvu ya gramu 10: akikugusa nao wayoni nawe husikii, umo hatarini. Ni kazi ya dakika chache. Mwenye kisukari apimwe walau mara moja kwa mwaka, na kila usiku atazame nyayo zake, au mkewe amtazamie. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa. Wembe asitie kwenye sugu kabisa.

Kifundo kikiteguka, usikimbilie kukandwa. Kama huwezi kupiga hatua 4, au mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, upigwe picha kwanza.

Sasa buti. Wengi wetu hununua la mtumba Kongowea. Bei ni nafuu, ila limekwisha kufuata mguu wa mtu mwingine. Na kwa nini tununue? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wanaofanya kazi katika majimaji au vitu vya kudhuru mavazi ya kujikinga, na viatu vimetajwa humo. Wazee wetu waliogoma bandarini Machi 1955 walidai mshahara. Buti zima nalo ni sehemu ya mshahara, si sadaka.

Ukiumia mguu kazini, hata kidogo, mwambie msimamizi siku ile ile, na iandikwe. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya 2007 pia, yampa mwajiri siku 7 tangu kupata habari ampelekee Mkurugenzi wa serikali. Na aliyepewa buti lisilomtosha, au bovu, alilete kwa katibu wa tawi, tulione kwa macho kabla ya kwenda kuzungumza na wakubwa.