Moyo Juu ya Dawati, Bureti Ziko Wapi?



Nimeombwa niongelee teknolojia shuleni. Mimi nasoma sheria, na sayansi niliikimbia mapema. Titresheni nilifundishwa kwa chaki: mwalimu alichora bureti ubaoni, sisi tukakariri rangi itakavyobadilika. Mwalimu hakuwa na kosa. Hakuwa na bureti.

Sasa kuna kitu kinaitwa uhalisia ulioongezwa. Unaelekeza kamera ya simu au tableti kwenye mchoro wa moyo kitabuni. Programu inautambua mchoro, na kwenye kioo unaona moyo mzima uko juu ya dawati lako, unadunda. Unauzungusha, unaingia ndani, unaona vali zinavyojifunga ili damu isirudi nyuma. Ukikosea unarudia, hakuna kilichomwagika. Kwa shule isiyo na vifaa, hilo si jambo dogo. Tulidai.

Ila tusidanganyike, jamani. Kioo hakina harufu ya amonia. Hakiufundishi mkono kufunga koki ya bureti tone moja kabla ya kupitiliza, na kwenye mtihani wa vitendo mkono huo ndio unaopimwa. Kwa hiyo akija mtu na tableti kumi na kamera za televisheni, eti maabara sasa basi, muulizeni: umeme upo? Mwalimu kafundishwa kuzitumia? Na yale majengo ya maabara ambayo wazazi wetu walichangishwa enzi za Kikwete, ndani mna nini?

Katiba, Ibara ya 11(3), inasema Serikali itafanya jitihada kuhakikisha watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha za elimu. Tamu, eh? Sasa rudi Ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya sheria na mahakama yoyote. Yaani mwanafunzi wa kata hawezi kwenda kortini kudai bureti. Ndiyo maana wakituambia Katiba Mpya haina uhusiano na ugali wala daftari, tunawakatalia.

Kazi ya kwenda nayo nyumbani: kwenye mkutano ujao wa kijiji au mtaa, nyoosha mkono. Uliza sekondari ya kata yenu ina bureti ngapi nzima. Andika jibu, na jina la cheo cha aliyejibu.

Tukikutana tena, kila mmoja aje na namba yake.