Simenti Juu ya Ukungu

Kila mvua zikishika hapa Kindu, mkoani Maniema, hadithi ni ileile. Ukungu mweusi unajitokeza ukutani mwa jengo la kale, mwenye jengo anaita fundi, na fundi anafika na mfuko wa simenti. Ukuta unapigwa plasta, unapakwa rangi ya mafuta, majirani wanasifu. Mvua ikirudi, doa lipo palepale, na sasa limepanda hadi dirishani.

Ukungu hauli jiwe. Unaishi kwa unyevu, vumbi na rangi. Maji yakikosekana, unaacha kukua. Kuta za zamani zilizojengwa kwa mawe au matofali, udongo na chokaa, hunyonya maji ya ardhini na ya mvua, kisha huyatoa polepole kupitia chokaa. Simenti inafunga njia hiyo. Maji yanabaki ndani, yanapanda, yanaacha chumvi nyeupe, na plasta inaachana na ukuta. Gonga kwa kidole: inalia mvungu. Hapo fundi yuleyule anaitwa tena, na simenti yake.

Na wanaosugua kwa javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo? Doa linafifia, maji yapo.

Zanzibar wanaijua taabu hii. Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Nyumba ya Tippu Tip, mfanyabiashara ambaye misafara yake ilifika mpaka Kasongo hapa Maniema, iko Shangani. Huko pia simenti imepakwa juu ya chokaa, na chumvi imetoka. Jumba la Beit al-Ajaib mjini humo, lililojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, lilipoteza sehemu ya roshani mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaporomoka wakati wa matengenezo, watu wawili wakafa. Ukungu peke yake hauangushi jumba, lakini huonyesha maji yanapopita, na simenti huficha ishara hiyo.

Kazi inaanza juu: bati linalovuja, mfereji ulioziba kwa majani. Halafu chini: udongo uliorundikwa ukutani, ndoo za maji machafu zinazomwagwa pembeni. Kisha simenti ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, ndipo ipigwe chokaa na mchanga kwa tabaka nyembamba, kila tabaka likomae kwanza. Madirisha yafunguliwe mchana, kabati lisogezwe mbali na ukuta. Fundi anayetaka kumaliza Jumamosi aambiwe arudi na chokaa.