Nisome Mara Tatu



Nitasema juu ya dawa moja tu: kloridi ya potasiamu. Haina rangi, na kichupa chake cha mililita 10 hufanana na kile cha maji ya kuchanganyia sindano. Ikizimuliwa katika dripu na kwenda polepole, humfaa aliyepungukiwa potasiamu kwa kuharisha. Ikisukumwa mshipani bila kuzimuliwa, moyo husimama.

Tulifundishwa kusoma kichupa mara tatu: tukikitoa kabatini, kabla ya kuvuta dawa, na kabla ya kukitupa. Usiku mmoja nilikuwa peke yangu wodini, usingizi machoni, namtayarishia mtoto penisilini ya unga. Kweli nasema, mara mbili za kwanza niliziruka. Dawa ilikwisha kuwa ndani ya bomba niliposoma kile kichupa. Hayakuwa maji! Nilikaa chini.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri potasiamu kali iondolewe wodini. Mkiikuta kabatini karibu na maji, itengeni siku hiyo hiyo.

Asubuhi nilimweleza sista wa zamu. Mama wa mtoto alinishukuru kwa kukesha, sikumwambia.